Nyumba ya Kwanza Maskati: Mtaa, Dhahabu na Neno Moja la Daftari

Habari za kuondoka Unguja zimesimuliwa katika koo zetu mara nyingi sana, hata mtoto aliyezaliwa Manchester au Abu Dhabi anaweza kuzikariri. Habari za kufika hazisimuliwi. Tunajua nani alipanda jahazi na nani alitangulia Cairo. Lakini ukimuuliza kijana wa leo kwa nini jamaa zake wanakaa Al Khuwair na si Seeb, au kwa nini ami yake alinunua Qurum, atakujibu kwamba huko ndiko walikokaa siku zote. Hapakuwa na siku zote. Mwaka 1970 Al Khuwair ilikuwa uwanda wa mchanga na migunga, na wengi katika wazee wetu walikuwa hawajapata kuiona Maskati kwa macho yao.

Naandika haya kwa sababu swali hilo sasa limetufika mlangoni. Nyumba ya marehemu babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, imepata mnunuzi. Warithi ni saba, wanaume watatu na wanawake wanne, wote wa mama mmoja na wote wahai, Alhamdulillahi. Baba yangu ni mmoja wao, kwa hiyo mimi si mrithi. Kazi niliyopewa ni kusoma karatasi na kueleza nyumba ilinunuliwaje. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili.

Tuanzie Unguja, maana wazee hawakuja na mikono mitupu ya fikra. Katika Mji Mkongwe mtu hakuchagua nyumba, alichagua msikiti na jamaa, na nyumba ikafuata. Malindi ilikuwa karibu na bandari na majahazi, Shangani ilikuwa ya mabalozi na wenye nafasi, na Kiponda ilichanganya Wahindi wa kila dhehebu. Nyumba nyingi za mawe hazikuwa na mwenyewe wa kuziuza hata akitaka, kwa kuwa zilikuwa wakfu, na tangu mwaka 1905 serikali ilikuwa na kamisheni ya kusimamia mali za namna hiyo. Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, mambo yalikuwa mengine: mwenye nyumba aghalabu hakuwa mwenye ardhi. Alijenga juu ya kiwanja cha mwingine, na kodi ya ardhi ilipopanda, wakaazi waligoma kuilipa mwaka 1928. Kwa watu waliokulia katika mji wa namna hii, nyumba ilikuwa kitu cha kukaliwa na kurithiwa, pengine cha kuwekwa rehani kwa mkopeshaji wa Kihindi katika mwaka mbaya wa karafuu. Kwenda sokoni kuchagua nyumba kama mtu achaguavyo kitambaa cha kanzu halikuwa jambo lililozoeleka.

Kisha ikaja tarehe 12 Januari 1964. Mwaka huohuo ilitolewa amri iliyoipa serikali mpya uwezo wa kutaifisha mali zisizohamishika, na nyumba ya babu ikaenda pamoja na nyingine. Sitaongeza neno hapa, wenzangu wamekwisha kuandika vizuri kuliko mimi. Ninachotaka msomaji akishike ni kimoja tu: babu yangu aliishi miaka 16 baada ya siku ile bila ya kumiliki paa lolote, na sababu haikuwa umasikini pekee. Alipokuwa Dubai alikuwa na kazi na angeweza kujenga kitu. Kila alipotajiwa kiwanja alisema, "Nijenge ili nani aje achukue?"

Maskati aliyoikuta mwaka 1972 haikumshawishi abadili fikra. Ndege yake ilitua Bait al-Falaj, kiwanja kidogo cha Ruwi kilichobanwa na majabali, maana uwanja wa Seeb ulifunguliwa mwaka uliofuata. Ilikuwa miaka miwili tu tangu tarehe 23 Julai 1970, Sultani Qaboos alipochukua madaraka kutoka kwa baba yake na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 za barabara ya lami na skuli tatu. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa saa tatu baada ya magharibi, na aliyetembea usiku alilazimika kubeba taa mkononi. Wazee waliofika miaka ile ya mwanzo walizoea kucheka: wametoka Unguja yenye umeme na sinema, wamerudi kwa mababu zao, na mababu wanatembea na fanusi. Kicheko hicho hakikuwapendeza wenyeji, na kwa haki.

Aliyerudi alipaswa kwanza kuthibitishwa. Ushahidi wa shekhe wa kabila ulihitajika ili mtu apate pasi, na bila ya pasi hakuna kazi ya serikali wala hati ya ardhi. Babu alipelekwa kijijini kwa mababu, Sharqiya, akakaa siku nne akinywa kahawa na watu waliomjua babu yake kwa jina na wasiomwelewa yeye kwa Kiarabu chake cha msikitini. Alipewa ushahidi. Aliambiwa pia kwamba sehemu yake ya falaji ipo na ya mitende ipo, akitaka akae. Hilo lilikuwa chaguo la kwanza la makaazi katika ukoo wetu, na ndilo tunalolisahau: wangeweza kukaa bara. Bibi alikataa kabla swali halijamalizika. Alikuwa mtoto wa mji na bahari, na kijijini palikuwa pana mitende na jabali tu.

Wakapanga Matrah, chumba kimoja na nusu nyuma ya soko, si mbali na mtaa wa Lawatia wenye ukuta na mlango wake. Babu alipenda Matrah. Aliniambia, na mimi nilikuwa mdogo, kwamba usiku wa kwanza alilala chali akatazama dari na akaona boriti. Ni boriti zilezile za mikoko tulizoezekea Unguja. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia fito hizo Lamu na Rufiji yakazipeleka Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba kongwe za Matrah vina upana uleule wa vyumba vya Malindi: mita tatu hivi, urefu wa boriti. Mtu anaweza kutekwa na mambo madogo kama haya. Bibi hakutekwa. Alisema chumba kilikuwa na joto na mwenye nyumba aliwaita Wazinjibari kwa sauti ambayo hakuipenda.

Mwaka 1974 walihamia Ruwi. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu Ruwi ndiyo iliyotulea wengi wetu na leo tunaipita kwa gari bila ya kugeuza shingo. Kiwanja cha ndege kilipohama, bonde lile likajazwa mabenki, maduka na majengo ya fleti kwa kasi ambayo hata waliokuwapo hawakuiamini. Bandari mpya ya Matrah ilifunguliwa mwaka 1974, na kazi zikawa nyingi kuliko watu wanaojua kusoma na kuandika. Wazanzibari walijua, na walijua Kiingereza, kwa hiyo walijaa katika wizara, katika kampuni ya mafuta na katika mahospitali. Ruwi ilikuwa karibu na kazi zote hizo. Kiarabu kibovu hakikuwa aibu huko, kwa kuwa nusu ya mtaa ilisema Kihindi au Kibaluchi na nusu ya waliobaki walisema Kiswahili. Upande wa Hamriya ungeweza kununua mandazi ya moto alfajiri na muhogo siku ulipofika. Ubaya wake ulikuwa joto: majabali yanayozunguka bonde hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku.

Walikaa fleti ya Ruwi miaka sita, watoto saba katika vyumba viwili. Katika miaka hiyo bibi alikuwa kijumbe wa upatu.

Kwa vijana wasiojua: watu wanakubaliana kutoa kiasi sawa kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua chungu kizima. Wenyeji wa Omani wana mchezo huohuo na wanauita jamia. Upatu wa bibi ulikuwa wa wanawake 20, riali 50 kwa mwezi, kwa hiyo kila mmoja kwa zamu yake alipata riali 1,000. Bibi aliandika kila kitu katika daftari la mistari, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni. Daftari hilo liko mbele yangu. Majina yote ya wanawake wale yamo, na miezi, na nani alichelewa, na nani alilipiwa na nani. Kwa makisio yangu upatu ule ndio uliolipia mwanzo wa nyumba nyingi za jamaa zetu Maskati, na historia zilizochapishwa hazitausema kwa sababu haukuandikwa na benki.

Benki zilikuwapo. Benki ya Nyumba ya Omani iliundwa mwaka 1977 ili kuwakopesha raia kwa masharti nafuu, na wengi walijengea fedha zake. Babu hakuitaka. Alisema riba ndogo ni riba. Si wote waliomkubali, na ami yangu mkubwa, ambaye kwa wakati huo alikuwa karani mwenye mshahara mzuri, aliona kwamba baba yake anawabana watoto saba katika vyumba viwili kwa ajili ya dhamiri yake mwenyewe. Mgogoro huo ungekwisha siku hizi kwa njia nyingine. Omani iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2011, zikafungua milango miaka miwili baadaye, na sasa mtu hununua kwa ushirika unaopungua: benki inanunua sehemu kubwa, mkaazi anainunua kutoka kwake kidogo kidogo na kulipa kodi ya sehemu iliyobaki mpaka iishe. Mimi mwenyewe nimenunua hivyo. Babu aliyesubiri miaka 16 angesubiri mingine 30 na zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1979 palikuwa na machaguo matatu. La kwanza lilikuwa Seeb, mbali na kazi lakini na viwanja vikubwa na bahari karibu. La pili lilikuwa Qurum, mahali pa fahari, karibu na Madinat Qaboos walikokaa wageni na wakubwa. La tatu lilikuwa Al Khuwair. Kilichofungua Al Khuwair na Ghubra kwa makaazi kilikuwa maji: mtambo wa Ghubra wa kusafisha maji ya bahari na kufua umeme ulianza kazi mwaka 1976, na pale mabomba yalipokwenda nyumba zilifuata. Serikali ilikuwa ikigawa viwanja kwa raia. Mtu aliyepewa kiwanja alipata karatasi yenye ramani na vipimo tunayoiita kuruki, na baadaye hati ya milki. Si kila aliyepewa alikuwa na fedha za kujenga. Viwanja vikauzwa, na nyumba zilizofika kwenye linta zikauzwa.

Ami alitaka Qurum. Babu alitaka Seeb, kwa ajili ya bahari. Bibi alitaka Al Khuwair kwa sababu wanawake watano wa upatu wake walikuwa wamekwisha kuhamia au wanahamia huko. Waarabu wana methali ya kumtanguliza jirani kabla ya nyumba. Bibi aliisema kwa lugha yake: "Qurum nitamwomba nani chumvi?"

Nyumba waliyoipata ilikuwa gofu: kuta za chini zimesimama, hakuna paa, kiwanja mita za mraba 600. Mwenyewe alitaka fedha taslimu. Babu alikuwa na akiba yake, zamu ya upatu ilitoa riali 1,000, na bado palikuwa na pengo la thuluthi nzima ya bei.

Hapa historia ya dunia iliingia jikoni kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 1979 wakia ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 250. Mapinduzi ya Iran, kupanda kwa mafuta na majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan viliitia dunia hofu, na tarehe 21 Januari 1980 wakia ikafika dola 850. Bibi hakufuata habari za Afghanistan. Alifuata habari za soko la dhahabu la Matrah, kwa sababu kila mwanamke alikuwa akizisema. Alikuwa na bangili sita na mkufu. Bangili nne zilikuwa mahari yake, mbili na mkufu alirithi kwa mama yake, na zote zilivuka bahari mwaka 1964 zikiwa zimeshonwa ndani ya mto wa mtoto. Katika wiki ya mwisho ya Januari aliuza bangili sita. Mkufu aliubakisha, nao ulikwenda kwa shangazi yangu mdogo alipoolewa. Bei ya dhahabu ilianguka sana kabla ya Machi kwisha. Jamaa husema bibi alikuwa na jicho la biashara. Mimi nadhani alikuwa na haja ya paa, na haja ikakutana na bei.

Hati ya milki iliandikwa jina la babu peke yake. Hakuna aliyefikiri vinginevyo. Viwanja vya serikali kwa desturi vilikwenda kwa wanaume, na ilikuwa mwaka 2008 ndipo wanawake walipopewa haki sawa ya kuomba. Gofu lile halikuwa la serikali, lilikuwa la kununua, na hakuna sheria iliyomzuia bibi kuandikwa. Ilikuwa mazoea tu.

Kujenga kulichukua miaka miwili. Fundi alitaka kujua upana wa vyumba, akaeleza kwa fahari kwamba kwa zege na nondo anaweza kufanya chumba cha mita sita bila ya nguzo. Bibi akamwambia afanye mita tatu na nusu. Fundi alidhani hakuelewa. Ndiyo sababu, binamu zangu, vyumba vya nyumba ile ni virefu na vyembamba na makochi ya siku hizi hayaingii. Vilevile bibi alitaka baraza nje ya mlango, kama Unguja. Mipaka ya kuruki haikuacha nafasi barabarani, kwa hiyo baraza ikajengwa ndani ya ukuta, mahali ambapo mpita njia haoni wala haonekani. Kwa muda ilikaa wazi kama kaburi. Baadaye babu alianza kuacha geti wazi baada ya alasiri, wanaume wakaingia, na mpaka alipofariki mwaka 1998 baraza ile haikukosa mtu. Nje nyumba ilipakwa nyeupe, kama manispaa inavyotaka rangi ziwe nyeupe au za kufifia, na kwa mbali huwezi kuitofautisha na ya jirani.

Ami alinunua Qurum miaka minne baadaye, kwa mkopo, nyumba nzuri ya bustani chini ya daraja. Jina Qurum kwa Kiarabu ni mikoko. Mikoko hukua mahali ambapo maji ya wadi yanakutana na bahari, na mikoko ya Qurum ingalipo, imehifadhiwa na serikali. Tarehe 6 Juni 2007 kimbunga Gonu kilipofika, wadi zilishuka kutoka majabalini kana kwamba hazijawahi kukauka. Watu wapatao 50 walikufa Omani. Katika nyumba ya ami maji yalifika kwenye swichi za taa. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kutoa matope, na matope yalikuwa hata ndani ya friji. Al Khuwair kwetu maji yalipita barabarani na kuishia kwenye ngazi.

Tangu hapo jamaa wamempa bibi hekima ambayo mwenyewe hakuidai. Husemwa kwamba alijua. Nilimuuliza. Alisema hakujua lolote juu ya wadi, alitaka tu kuwa karibu na wenzake wa upatu. Angeweza kujua, kwa kweli, kama yeyote kati yetu angeweza. Kimbunga cha Juni 1890 kiliua zaidi ya watu 700 katika nchi hii hii, na Unguja wazee walisimulia kimbunga cha mwaka 1872 kilichong'oa mikarafuu. Lakini kumbukumbu za Unguja zilibaki Unguja, na za 1890 walikuwa nazo wenyeji ambao hatukuwauliza, kwa kuwa tulikuwa tukinunua kwa wenye kuruki na si kwa wachunga mbuzi. Hilo ni jambo la kutafakari kwa yeyote wa jamaa anayetazama viwanja vya bei nafuu kandokando ya wadi leo.

Sasa nirudi kwa warithi. Babu alipofariki nyumba haikugawiwa. Bibi aliendelea kukaa humo, na hakuna mtoto aliyetaka kutaja mirathi mbele yake. Yeye alifariki mwaka 2016. Aliacha wasia ulioandikwa na kushuhudiwa mwaka 2011: thuluthi ya anachomiliki iwekwe kwa ajili ya mwanamke yeyote wa ukoo atakayekosa paa, awe mjane, ameachwa, au amerudi kutoka ng'ambo bila ya kitu. Waliomjua wanaelewa ulikotoka wasia huo. Mwaka 1964 alikaa Dubai miezi tisa na watoto wawili katika chumba cha watu, kwa huruma ya watu.

Mtu huruhusiwa kuusia mpaka thuluthi ya mali yake kwa wasio warithi wake, hilo halina ubishi. Ubishi ni thuluthi ya nini. Kama nyumba yote ilikuwa ya babu, bibi alirithi thumni kwa kuwa ana watoto, na thuluthi ya thumni ni sehemu moja katika 24. Kwa kiwanja cha mita 600 hizo ni mita 25: chumba kimoja chembamba na choo. Kama thuluthi ya nyumba ilikuwa yake tangu mwanzo kwa zile bangili, basi babu aliacha thuluthi mbili, thumni ya hizo ni moja katika 12, na jumla ya bibi inakuwa tano katika 12. Thuluthi ya hiyo ni tano katika 36, mita 83 na ushei. Hapo mwanamke na watoto wake wanaweza kukaa. Au nyumba ikiuzwa, patakuwa na fedha ya fleti ndogo Mabela, na wasia ukawa kitu cha kweli.

Kwa warithi wenyewe mengine yote hayabadiliki: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, iwe kwa baba au kwa mama. Tofauti iko katika kile kitakachotoka mikononi mwao. Na wawili wamechukua uraia wa Uingereza, wanataka fedha na si kuta, jambo ambalo siwalaumu. Tangu mwaka 2006 mgeni anaweza kununua katika majengo ya kitalii yaliyoidhinishwa, lakini mtaa wa kawaida kama Al Khuwair si wake kununua, na nyumba usiyoweza kuirudia ina uzito mwingine moyoni.

Kwa hiyo kila kitu kimeegemea bangili, na ushahidi wa bangili ni daftari la upatu. Katika ukurasa wa Februari 1980, chini ya majina ya wanawake waliolipa, bibi ameandika mstari mmoja. Ametaja bangili sita, ametaja Matrah, ametaja kiasi, kisha ameandika kwamba amezitia katika nyumba.

Amezitia. Hakusema amempa mumewe, ambapo ingekuwa zawadi na mazungumzo yamekwisha. Hakusema amemkopesha, ambapo lingekuwa deni, nalo hulipwa kabla ya urithi. Ami anasema kutia ni kama kutia chumvi mchuzini: imekwisha kuingia, huwezi kuitoa wala kuipimia fungu lake. Shangazi mkubwa anasema kutia ni kutia mtaji, kama wafanya biashara wa Darajani walivyosema mtu ametia fedha katika duka, na aliyetia ana fungu. Wote wawili wanasema Kiswahili sanifu cha Unguja na wote wawili wako sahihi katika lugha. Baba yangu amenyamaza, na namjua vya kutosha kuona kwamba kimya chake kinaelekea upande wa dada yake.

Mahakama husoma Kiarabu. Daftari litakwenda kwa mfasiri aliyeapishwa, naye lazima achague neno moja, maana Kiarabu hakina neno linalobeba chumvi na mtaji kwa pamoja kama letu. Nimepitia daftari zima kutafuta mahali pengine bibi alipotumia kitenzi hicho. Nimekipata mara 11. Mara tisa ni kwa riali 50 za upatu: fulani ametia, fulani hajatia. Katika upatu aliyetia anadai zamu yake, na kijumbe ndiye anayemhakikishia. Mara moja ni dawa ya macho. Mara ya mwisho ni bangili.

Nimeziandika zote 11 kwa mpangilio wa tarehe na nimewapelekea warithi wote saba. Kikao ni baada ya Idi. Mnunuzi amekubali kungoja mpaka hapo.

Ninawaomba wasomaji waliorithi madaftari ya namna hii kutoka kwa mama na bibi zao wa Ruwi, Matrah au Dubai, hasa ya miaka ya 1974 hadi 1982, wayafungue. Yakiwa kwa herufi za Kiarabu na hamzisomi, nipigieni picha ya kurasa, nitazisoma bila ya malipo. Natafuta mahali ambapo mwanamke ameandika kwamba ametia kitu katika nyumba, kiwanja au duka, na nataka kujua alipofariki jamaa walilifahamu vipi neno hilo.